Risasi Iliyolala Mifupani

Kwa nini mwanamke mmoja afikapo miaka 70 bado anakumbuka majina ya wajukuu wote, siku walizobatizwa na nani anadaiwa nini kwenye kikundi, lakini mwenzake wa rika lile lile anapotea njia ya kwenda sokoni? Wengine husema ni kurithi. Wengine husema ni mawazo mengi, au ugonjwa wa sukari, au shinikizo la damu. Na kuna vijiji ambako bibi anayeanza kusahau na kusema peke yake huitwa mchawi, jambo ambalo makanisa yamelikemea kwa miaka mingi na ambalo limegharimu maisha ya wazee wetu wengi.

Ukiondoa hilo la mwisho, majibu hayo yote yana ukweli ndani yake. Lakini katika miaka ya karibuni wanasaikolojia wameongeza jibu jingine ambalo sisi akina mama tunapaswa kulisikia kabla ya wengine, kwa sababu linaanzia jikoni, uani na tumboni. Wanasema kwamba sehemu ya jinsi ubongo wa mtu unavyozeeka huenda ilianza kuamuliwa akiwa mtoto wa darasa la tano, kwa moshi aliovuta barabarani na vumbi alilokula bila kujua. Ndani ya moshi na vumbi hilo mlikuwa na risasi.

Risasi ninayoisema hapa si ile ya bunduki, ingawa lugha yetu imevipa vitu hivyo viwili jina moja, tena kwa haki. Ni madini laini, mazito, yenye rangi ya kijivu, yanayoyeyuka hata kwenye jiko la mkaa. Biblia yenyewe inayataja: wimbo wa Musa katika kitabu cha Kutoka, sura ya 15, unawafananisha askari wa Farao waliozama baharini na risasi. Warumi waliitumia kutengenezea mabomba ya maji. Wavuvi wa pwani huifanya chubwi za nyavu na mishipi. Mafundi huijua kwa sababu ya betri za magari. Kwa miaka mingi viwanda viliichanganya kwenye rangi za nyumba ili zikauke upesi na kung'aa, na kwenye petroli ili injini zisigonge.

Watoto wa Dunedin

Kusini kabisa mwa New Zealand kuna mji unaoitwa Dunedin. Watafiti wa mji huo waliwachukua watoto 1,037 waliozaliwa hapo kati ya Aprili 1972 na Machi 1973, wakaanza kuwafuatilia tangu wakiwa na umri wa miaka 3. Hawakuwaacha tena. Kila baada ya miaka kadhaa waliwaita, wakawapima meno, mapafu, moyo, akili na tabia, wakawauliza habari za shule, ndoa na kazi. Hata waliohamia ng'ambo walikatiwa tiketi ya ndege warudi kupimwa. Walipofikisha miaka 45, zaidi ya watu 9 katika kila 10 waliokuwa bado hai walishiriki. Mtu yeyote aliyewahi kujaribu kuwakusanya wanakwaya wa zamani kwa sherehe moja tu ataelewa kwamba hilo si jambo dogo.

Walipokuwa na miaka 11, zaidi ya nusu ya watoto hao walitolewa damu ikapimwa risasi. Siku zile petroli ya New Zealand ilikuwa na risasi nyingi, na haikuondolewa kabisa mpaka mwaka 1996. Matokeo yalikuwa wastani wa mikrogramu 11 hivi kwa kila desilita ya damu. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu, kwa hiyo mtu anaweza kudhani ni kitu cha kudharau. Lakini leo Shirika la Afya Duniani linasema mtoto akifikia mikrogramu 5 tu, chanzo kitafutwe na kuondolewa, na kwamba hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Kwa kipimo hicho, watoto 94 katika kila 100 waliopimwa Dunedin walikuwa wamevuka mpaka. Wakati ule hakuna mzazi aliyeshtuka. Walikula, walicheza, walienda shule.

Jambo moja katika habari hii ni la pekee. Katika nchi nyingi risasi huwakuta maskini, kwa kuwa ndio wanaoishi kwenye nyumba chakavu na kando ya viwanda. Kwa hiyo mtu akisema risasi inapunguza akili, mwingine humjibu kwamba ni umaskini unaopunguza, wala si risasi. Dunedin haikuwa hivyo. Moshi wa magari uliingia kwa daktari na kwa mfagiaji sawasawa, na watoto wa matajiri walikutwa na risasi kama watoto wa makabwela. Ndiyo maana wataalamu waliufungua tena uchunguzi huu miaka 30 baadaye.

Aliyefungua daftari

Mmoja wao ni mwanasaikolojia wa Marekani aitwaye Aaron Reuben. Alifanya kazi hiyo katika Chuo Kikuu cha Duke pamoja na Terrie Moffitt na Avshalom Caspi, ambao wameshughulika na watoto wa Dunedin kwa muda mrefu. Makala yao ya kwanza juu ya jambo hili ilitoka mwaka 2017 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani. Walichukua kipimo cha damu cha miaka 11 wakakilinganisha na kipimo cha akili cha miaka 38. Ili wasidanganyike, walizingatia pia akili ya mtoto alipokuwa mdogo, hali ya maisha ya wazazi wake, na hata akili ya mama yake, ambaye naye alikuwa amepimwa. Walikuta kwamba kwa kila mikrogramu 5 zaidi za risasi utotoni, mtu mzima alipungukiwa na takriban pointi moja na nusu katika kipimo cha akili. Waliokuwa na risasi nyingi pia walielekea kuwa na kazi za hadhi ya chini kuliko wazazi wao walivyokuwa nazo.

Pointi moja na nusu si kitu cha kumfanya mtu asiweze kusoma gazeti. Nasema hivyo mapema ili asije mama akafunga gazeti hili akilia. Lakini makala haya hayakukomea hapo. Mwaka 2019 timu hiyo ilichapisha matokeo kuhusu tabia na afya ya akili. Waliokuwa na risasi zaidi utotoni walikuwa na dalili zaidi kidogo za maradhi ya akili ukubwani, na ndugu na marafiki zao waliwaeleza kuwa watu wenye wasiwasi zaidi, wasiopatana na wengine kwa urahisi na wasio makini sana katika kazi. Tumezoea kusema kwamba mtu fulani ni mkorofi tangu alivyozaliwa. Huenda wapo ambao hawakuzaliwa hivyo.

Kisha mwaka 2020 yakatoka makala yanayohusu kuzeeka hasa. Watoto wale sasa walikuwa na miaka 45, na zamu hii walilazwa ndani ya mashine ya MRI ili ubongo wenyewe uonekane. Katika wale waliokuwa na risasi nyingi utotoni, uso wa ubongo ulikuwa mdogo kidogo, na hipokampasi pia. Hiyo ni sehemu ndogo ndani ya ubongo, moja kila upande, inayotusaidia kuhifadhi kumbukumbu, na ni miongoni mwa sehemu zinazoharibika mapema katika ugonjwa wa Alzheimer. Watafiti wana njia ya kukadiria ubongo unaonekana kuwa na umri gani ukitazamwa peke yake. Kwa kila mikrogramu 5 za risasi utotoni, ubongo ulionekana mzee zaidi kwa karibu miezi 9 kuliko umri wa mwenyewe.

Limo jambo moja katika makala hayo lililonigusa kuliko hesabu zote. Washiriki walipoulizwa kama wanasahau au wanashindwa kuzingatia mambo, waliokuwa na risasi nyingi hawakujiona tofauti na wenzao. Lakini watu wao wa karibu walipoulizwa maswali kama hayo, waliona. Mke au mume alikuwa ameshagundua kitu ambacho mwenyewe hajakigundua. Dada, kama umewahi kumwambia mzee nyumbani kwamba siku hizi anasahau, naye akakasirika, usidhani daima ni kiburi.

Je, ni hakika kwamba risasi ndiyo iliyosababisha yote haya? Uchunguzi wa kufuatilia watu hauwezi kuapa mahakamani. Hauwezi kumpa mtoto mmoja risasi na kumnyima mwingine ili kuona tofauti, na Mungu apishe mbali. Lakini majaribio ya wanyama yanaelekeza kule kule, na hivyo hivyo tafiti za miji mingine. Tangu mwaka 1979 Herbert Needleman, daktari wa watoto na wa magonjwa ya akili huko Marekani, alipima risasi ndani ya meno ya utoto yaliyong'oka, yale ambayo kwetu mtoto huyarusha juu ya paa akaomba mapya, akaona kwamba wenye risasi nyingi walikuwa nyuma darasani. Mwaka 2022 Reuben na wenzake wawili walipiga hesabu ya Marekani nzima, wakakadiria kwamba zaidi ya watu milioni 170 waliokuwa hai mwaka 2015 walipata risasi ya kudhuru wakiwa watoto wadogo. Wengi wao sasa ni wazee au wanaelekea uzeeni.

Mifupa haisahau

Tufike sasa kwa mwanamke. Mwili huichukua risasi kwa kudanganyika. Kwa jinsi ilivyo, risasi hufanana na kalsiamu, ile inayojenga mifupa na meno, na mwili huipokea kama mgeni aliyevaa nguo za mwenyeji. Katika damu haikai sana, mwezi mmoja hivi. Sehemu yake hutoka kwa mkojo, na inayobaki huenda kulala mifupani, na huko inaweza kukaa miaka 20 au zaidi. Katika mtu mzima, zaidi ya tisa ya kumi ya risasi yote aliyo nayo imo ndani ya mifupa.

Ingelala huko milele tusingekuwa na shida. Lakini mifupa ni ghala, na mwanamke huliendea ghala hilo mara nyingi kuliko mwanamume. Anapokuwa mjamzito, mtoto anahitaji kalsiamu; chakula kisipotosha, mwili unaichota mifupani, na risasi ya zamani inatoka pamoja nayo. Anaponyonyesha, vivyo hivyo. Katika miaka ya 1990 mtaalamu wa Australia, Brian Gulson, alilithibitisha jambo hili kwa ujanja mzuri. Risasi ya kila nchi ina alama zake katika atomu zake. Aliwafuatilia wanawake waliohamia Australia, wengi wao kutoka Ulaya Mashariki, na walipopata mimba, katika damu yao ilionekana risasi ya kule walikotoka. Walikuwa wamesafiri nayo mifupani.

Mara ya tatu ni hedhi inapokoma. Hapo mifupa hupungua kwa kasi, na mwaka 1988 Ellen Silbergeld na wenzake walionyesha kwamba wanawake waliokwisha kukoma hedhi walikuwa na risasi zaidi katika damu kuliko ambao hawajafika huko. Kwa maneno mengine, moshi wa utotoni unaweza kurudi katika damu ya mwanamke wa miaka 52, wakati ule ule anaposumbuliwa na joto la ghafla na kukosa usingizi, na kumfikia ubongoni. Mwaka 2009 watafiti wengine wa Marekani walipima mifupa ya wauguzi wa kike wa makamo na wazee, na kwa ujumla wenye risasi nyingi zaidi walielekea kufanya vibaya kidogo katika mitihani ya kumbukumbu na fikra.

Mama mjamzito akisikia haya asiogope, bali ale. Huko Mexico, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba wajawazito waliopewa vidonge vya kalsiamu kila siku walikuwa na risasi pungufu katika damu, kwa wastani wa asilimia 11, kuliko wasiopewa. Kwetu kalsiamu ipo kwenye maziwa, mtindi, na dagaa wanaoliwa na mifupa yao. Madini ya chuma nayo yana kazi yake, kwa sababu mwili wenye upungufu wa chuma hufyonza risasi zaidi. Kwa hiyo vidonge vya kliniki ambavyo wengine wetu huvificha kabatini kwa sababu vinatia kichefuchefu vina faida mbili. Wala mama asiache kunyonyesha kwa sababu ya kusoma makala haya. Kwa karibu akina mama wote faida ya ziwa ni kubwa kuliko hatari hiyo, na mwenye sababu ya pekee ya kuhofu apimwe damu kwanza.

Je, na sisi?

Ni rahisi kusema hayo ni mambo ya wazungu na magari yao. Lakini petroli yenye risasi iliuzwa Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Mombasa pia. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara zilikubaliana huko Dakar mwaka 2001 kuiacha, na kufikia Januari 2006 zikawa zimeiacha. Algeria ilikuwa nchi ya mwisho duniani, mwaka 2021. Fanya hesabu mwenyewe: mwanamke aliyekulia kando ya barabara kuu mjini katika miaka ya 1980 au 1990, leo ni mama wa watoto wa shule, ama anakaribia kukoma hedhi.

Na petroli ilipoondoka, risasi haikuondoka nayo. Mwaka 2020 shirika la UNICEF pamoja na shirika la Pure Earth yalikadiria kwamba hadi watoto milioni 800, yaani mmoja katika kila watatu duniani, wana mikrogramu 5 au zaidi katika damu. Sababu kubwa ni betri za magari zinazovunjwa na kuyeyushwa ovyo. Wakazi wa Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, wanalijua hilo kuliko mwanasaikolojia yeyote. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi ubavuni mwa nyumba zao kuanzia mwaka 2007. Phyllis Omido, mama kijana aliyeajiriwa humo, aliona mtoto wake mchanga akiugua bila kupona, na vipimo vikaonyesha risasi katika damu ya mtoto. Aliacha kazi akaanza kupiga kelele. Alikamatwa, akatishwa, akaendelea. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2015 alipewa tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Watoto walionyonya moshi ule mwaka 2007 sasa ni vijana. Wakifika miaka 45 hakuna atakayewakatia tiketi ya ndege kuja kupigwa picha za ubongo, lakini yaliyotokea Dunedin yanatuhusu sana tukiwafikiria.

Nyumbani, adui huyu ana milango michache anayoipenda. Fundi wa betri au wa gereji anayebeba mtoto akiwa bado na ovaroli amebeba risasi pamoja naye. Abadilishe nguo na kuoga kwanza, na nguo hizo zifuliwe peke yake. Betri mbovu isivunjwe uani, hata kama mnunuzi wa vyuma chakavu anaahidi bei nzuri. Chubwi za nyavu zisiyeyushwe kwenye jiko la chakula. Rangi ya zamani inayobanduka ukutani isikwanguliwe kavu mbele ya watoto. Ilowanishwe, na vumbi lipanguswe kwa kitambaa chenye maji, maana ufagio mkavu hulirusha tu. Sufuria zinazoyeyushwa mitaani kutokana na vyuma vya kila aina zimekutwa na risasi zilipopimwa Cameroon na kwingineko, na hutoka zaidi kwa vyakula vichachu kama nyanya na ndimu. Wanja wa aina fulani ni madini ya risasi yaliyosagwa, na watoto wachanga hupakwa machoni. Nao udongo wa kula, ule ambao wajawazito huutamani mpaka kuuficha ndani ya mkoba, umekutwa na risasi mara nyingi ulipopimwa. Najua si rahisi kuuacha. Mara nyingi hamu hiyo huambatana na upungufu wa damu, kwa hiyo mweleze muuguzi, usione haya.

Mtoto mdogo hufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima akimeza kiasi kile kile, tena kila kitu kwake hupitia mdomoni. Ukiwa na sababu ya kumshuku, kipimo ni cha damu, na daktari anaweza kuielekeza sampuli kwenye maabara kubwa. Kikionyesha kiasi cha kati, tiba ni kuondoa chanzo na kumlisha vizuri, kisha kupima tena. Kwa mtoto, kikifikia mikrogramu 45 au zaidi, zipo dawa za hospitali zinazoshika risasi na kuitoa kwa mkojo, na hizo hutolewa chini ya uangalizi tu. Dawa za kusafisha mwili zinazouzwa stendi hazifanyi kazi hiyo, na baadhi ya dawa za kienyeji zilizopimwa duniani zilikuwa na risasi ndani yake.